Shimo la Saba, Bila Mtangazaji

Ijumaa tulizima kila kitu.
Ishbel Dalgarno, mwongozaji wetu, aliingia garini
mkate kwapani, mvua ikimchuruzika kisogoni,
akasema: leo hapana wa kunena.
Hapana muziki. Hapana ule mstari mwekundu
unaoufuata mpira angani kama mkia wa tiara.
Hapana asilimia, hapana jedwali.
Kamera moja, mchezaji mmoja,
toka kijiti cha kwanza hadi shimo la mwisho,
na mchezaji mwenyewe awe wa mkiani.

Wa mkiani alikuwa Torquil Meikle,
wa sabini na tisa kati ya themanini;
wa themanini mgongo ulimgomea, akaenda zake.

Mimi kazi yangu ni sauti.
Miaka kumi na sita ndani ya gari lisilo dirisha,
pwani hii ya Uskoti ambako upepo haubishi hodi,
nikiwashusha ndege chini ya watangazaji,
nikiwapandisha watangazaji juu ya upepo,
nikinenepesha makofi pale yalipokonda.
Siku hiyo vidole vyangu havikuwa na kazi
ila kufungua.
Nikafungua kinasa cha kwenye mchanga,
cha kwenye mkoba wa mbeba fimbo,
na kile kidogo, kama punje ya harage,
tulichokifukia ndani ya shimo la saba.

Kwanza ilikuwa aibu.
Mtu anatembea. Anatembea tena.
Viatu vinafyonza tope. Anapenga kamasi.
Anamuuliza mbeba fimbo wake,
“Struan, ile friji umeshaiuza?”
“Bado.”
Mita mia mbili za nyasi.
Kule Glasgow wakubwa waliitazama idadi ya watazamaji
ikishuka kama ndoo kisimani, kamba haina mwenyewe.
Simu ya Ishbel ikanguruma mezani.
Akailaza kifudifudi.

La saba. Torquil akausukuma mpira,
nasi tukausikia ukija, tukiwa mle shimoni,
kama mgeni anayeburuta sanduku kwenye korido.
Ukasita ukingoni.
Ukakataa.
Akatamka neno ambalo mkataba wangu hauniruhusu kulirudia,
likaenda hewani lilivyozaliwa.

Hapo ndipo simu ya mapokezi ikalia.
Wattie Cargill, mtunza nyasi mstaafu,
miaka thelathini na moja juu ya uwanja huu,
sasa yuko wodini Dundee, nyonga imevunjika.
Hakusalimu, hakusifu.
“Chini ya la saba, upande wa bahari, valvu inavuja.
Inafanya sss, inakatika, sss.
Niliwaambia kabla sijaondoka.
Ikifika Jumapili kona ile imeoza.”

Tukatazamana.
Nikaondoa upepo. Nikaondoa bahari.
Nikamwondoa Torquil, maskini, na pumzi zake.
Sss.
Kimya.
Sss.
Miaka yote hiyo tumekuwa tukinena juu yake.

Kijana akatumwa na spana na koleo.
Akarudi amelowa hadi viwikoni, anacheka,
mkononi kipande cha mpira kilicholiwa na kutu ya maji.

Jumamosi mstari mwekundu ulirudi,
na watangazaji wawili, wakiyavamia maneno
kama watu wafungulio saumu.
Wakubwa waliandika: jaribio limetufunza mengi.
Tafsiri yake: lisirudiwe.
Kimya kingi kina mshindo, wahenga walisema;
hawakusema mshindo wenyewe huweza kuwa mdogo vile,
na kwamba atakayeusikia yuko kitandani, mguu juu.

Ila Ishbel hakuniagiza nikifukue kile kinasa,
nami sikuuliza.
Kila kundi likifika la saba
nawaibia watangazaji sekunde nne.
Nashusha sauti zao, nafungua shimo:
matone, hatua, mtu anakohoa mbali.
Hakuna sss.

Jumapili jioni simu ikalia tena.
“Nimesikia,” akasema Wattie. “Ni kavu.
Sasa fukieni kingine la kumi na mbili.
Pale sipaamini.”